Jumba la Mji Uliopotea: Kasino, Starehe na Historia ya Kubuni katika Nchi ya Batswana

Mnamo Desemba 1992, katika bonde lililo kando ya milima ya Pilanesberg, yapata mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Johannesburg, ilifunguliwa hoteli iitwayo The Palace of the Lost City, yaani Jumba la Mji Uliopotea. Ilikuwa na vyumba 338, minara yenye kuba, sanamu za wanyama wa porini, na pembe za tembo zilizofinyangwa kwa saruji. Mgeni wa siku zile za kwanza alikuta jengo jipya kabisa, ambalo hata hivyo lilikuwa limekwisha kuzeeka: mafundi walikuwa wamezitia kuta zake dalili za miaka mingi ya jua na mvua.

Pamoja na chumba, mgeni alipewa hadithi. Kwa ufupi ni hii: Zamani sana, kabla ustaarabu wa Magharibi haujapambazuka, kabila la wahamaji lilitoka kaskazini mwa Afrika kutafuta nchi ya amani na neema. Likatangatanga miaka mingi, likafika katika bonde hili, likajenga mji na jumba la mfalme wake. Kisha tetemeko la ardhi likauangamiza mji, wenyeji wakakimbia, msitu ukayafunika mawe, hadi siku wagunduzi walipofika na kuurudishia fahari yake ya kale. Hakuna kabila la namna hiyo. Hakuna mji uliopotea mahali pale. Hadithi ilitungwa kwa ajili ya hoteli, kama vile mapazia na mazulia yalivyoshonwa kwa ajili yake.

Huenda msomaji akauliza: hoteli ya kamari inaingiaje katika jarida la taaluma za Kiswahili? Jibu limo katika hadithi yenyewe. Wajenzi waliotoka kaskazini, wakajenga kwa mawe, kisha wakatoweka bila kuacha wajukuu, ni watu tunaowafahamu sana katika maandishi yanayohusu bara letu. Wamewahi kupewa Zimbabwe Kuu, wamepewa falme za Maziwa Makuu, na kwa namna nyingine wamepewa Kilwa na miji ya Waswahili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi walivyopewa hata ukumbi wa kamari, na kwa gharama ya nani.

Lazima tuanze na dola, maana kasino ilitangulia jumba, na dola lilitangulia kasino. Tarehe 6 Desemba 1977 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika ya Kusini ilitangaza kwamba Bophuthatswana ni nchi huru. Jina hilo kwa Setswana lina maana ya mahali pa kuwakusanya Batswana, lakini nchi yenyewe ilikuwa vipande vilivyotawanyika, kimoja huku na kingine kule, vikitenganishwa na mashamba ya wazungu. Rais wake alikuwa Lucas Mangope, na mji mkuu ulikuwa Mmabatho. Kabla yake Transkei ilikwisha kupewa uhuru wa aina hiyo mwaka 1976. Venda ilifuata mwaka 1979 na Ciskei mwaka 1981. Umoja wa Mataifa ulikataa kuzitambua zote nne. Lengo la mpango huo halikufichika: mtu mweusi aliyehesabiwa kuwa raia wa Bophuthatswana alipoteza uraia wa Afrika ya Kusini, hata kama alizaliwa Soweto na hakuwahi kukanyaga Mmabatho.

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa nchi isiyotambuliwa ni kitu gani. Kati ya Julai 1960 na Januari 1963 mji wake ulikuwa makao makuu ya dola la Katanga, lenye bendera, stempu na sarafu, ambalo hakuna serikali hata moja iliyolitambua rasmi. Dola la namna hiyo lina njaa ya pekee. Njaa hiyo haitulizwi na fedha, kwa kuwa Katanga ilikuwa na shaba na Bophuthatswana ilikuwa na platini. Linalotakiwa ni mashahidi: watu wa kigeni, ikiwezekana wenye majina makubwa, watakaofika, wapigwe picha na bendera nyuma yao, na warudi kwao wakisema kwamba walikuwa katika nchi fulani. Mabalozi walipokosekana Mmabatho, kazi hiyo ilifanywa na waimbaji.

Sheria ya Afrika ya Kusini ya mwaka 1965 ilikuwa imepiga marufuku kamari karibu zote isipokuwa kubashiri mbio za farasi. Wakuu wa Kanisa la Kiholanzi la Marekebisho na wanasiasa waliowasikiliza hawakutaka ruleti, hawakutaka wasichana wanaocheza dansi nusu uchi jukwaani, na zaidi ya yote hawakutaka mweusi na mweupe wakae meza moja. Lakini nchi huru hutunga sheria zake yenyewe. Kwa hiyo mpaka wa Bophuthatswana, ambao askari hakuona sababu ya kuulinda, ulikuwa na faida moja kubwa: ng'ambo yake dhambi ilikuwa halali. Aliyelitambua jambo hilo mapema ni Sol Kerzner, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, mhasibu kwa elimu, ambaye mwaka 1964 alikuwa amejenga hoteli ya fahari huko Umhlanga karibu na Durban, na mwaka 1969 akashirikiana na kampuni ya pombe ya South African Breweries kuanzisha hoteli za Southern Sun. Desemba 1979, miaka miwili baada ya uhuru wa Mangope, Kerzner alifungua Sun City.

Tusiidharau Sun City kwa haraka. Kwa maelfu ya watu wa kawaida wa Johannesburg na Pretoria palikuwa mahali pa kwanza walipoona mzungu na Mwafrika wakipanga foleni moja mbele ya mashine ya kamari. Bophuthatswana haikuwa na sheria za kuwatenga watu kwa rangi, na Mangope alilitaja jambo hilo kila alipopata msikilizaji. Wapo waliosema kwa dhati kwamba pale ndipo Afrika ya Kusini ya kesho ilipokuwa ikifanyiwa mazoezi. Hoja hii ina uzito wake. Udhaifu wake ni kwamba usawa huo ulianza penye lango na kuishia penye lango. Mzungu alirudi jioni kwenye mtaa wake wa wazungu, na mweusi kwenye mtaa wake wa weusi, na ule wa pili sasa ulikuwa, kwa mujibu wa sheria, nchi ya kigeni ambamo aliishi kwa kibali. Watu walipaita Sun City kwa utani «mji wa dhambi». Wenyeji wa Soweto walikuwa na utani mkali zaidi: gereza kubwa la Johannesburg, lililofunguliwa huko Diepkloof mwaka 1982, walilibatiza jina hilo hilo la Sun City, na linaitwa hivyo hadi leo.

Tamasha zilianza mara moja. Tarehe 25 Oktoba 1980 Mike Weaver, Mmarekani mweusi, alitetea ubingwa wa dunia wa ndondi wa uzito wa juu dhidi ya Gerrie Coetzee, mzungu wa Boksburg, akamwangusha katika raundi ya 13. Sisi Wakongo twaweza kuielewa siku hiyo kwa kukumbuka Kinshasa ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomshinda George Foreman, kila mmoja akiwa ameahidiwa dola milioni 5 kwa dhamana ya serikali ya Mobutu. Katika pambano lile na hili, ngumi zilikuwa za mabondia, lakini jukwaa lilikuwa la rais. Tofauti ni kwamba Zaire ilikuwa nchi iliyotambuliwa na wote, ikitafuta sifa tu. Bophuthatswana ilitafuta kuwapo.

Mwaka 1981 Frank Sinatra aliimba Sun City kwa malipo yaliyozidi dola milioni moja, akaufungua ukumbi mkubwa ulioitwa Superbowl. Mwishoni mwa mwaka huo wachezaji watano wa gofu walialikwa kugombea fedha ambazo mchezo huo haukuwahi kuziona. Johnny Miller alimshinda Severiano Ballesteros baada ya mashimo tisa ya nyongeza, akaondoka na dola 500,000. Mwaka 1983 walikuja Linda Ronstadt, Rod Stewart na Elton John. Oktoba 1984 lilikuja kundi la Queen, ambalo chama cha wanamuziki cha Uingereza kililitoza faini kwa safari hiyo. Desemba mwaka huo huo Coetzee, ambaye sasa ndiye aliyekuwa bingwa, alipigana tena Sun City na kupokonywa taji na Greg Page, Mmarekani mweusi mwingine.

Utetezi wa wasanii hawa ulifanana. Walisema kwamba hawakwenda Afrika ya Kusini, walikwenda Bophuthatswana. Kwamba waliimba mbele ya watu wa rangi zote. Kwamba muziki hauna mipaka. Hoja ya kwanza ndiyo iliyokuwa na thamani kwa Mangope, nayo ilimgharimu Kerzner fedha tu. Kila msanii aliyeitamka alikuwa amelitambua dola ambalo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikataa kulitambua. Ndiyo sababu Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, iliyokuwa na jukumu la kusimamia mgomo wa kitamaduni, ilianza mwaka 1983 kutoa daftari la majina ya wasanii waliokwenda kutumbuiza Afrika ya Kusini, na Sun City ilihesabiwa humo bila kujali mpaka wa Mangope. Aliyetaka jina lake lifutwe alitakiwa kuahidi kwamba hatarudi.

Mwaka 1985 mpiga gitaa Steven Van Zandt, aliyekuwa amerudi kutoka katika safari zake za Afrika ya Kusini, aliwakusanya wanamuziki zaidi ya arobaini, miongoni mwao Miles Davis, Bob Dylan, Bruce Springsteen, Jimmy Cliff, Gil Scott-Heron, Rubén Blades na vijana wa Run-DMC, wakarekodi wimbo ulioitwa kwa jina la hoteli yenyewe, wakiapa kwamba hawataimba pale. Vituo vingi vya redio vya Marekani viliukwepa, na Afrika ya Kusini iliupiga marufuku. Mapato yake, yaliyozidi dola milioni moja, yalisaidia harakati dhidi ya ubaguzi. Kwa mwanahistoria jambo la kupendeza ni uchaguzi wa shabaha. Palikuwa na magereza, palikuwa na vituo vya polisi, palikuwa na Bunge la Cape Town, wakachagua hoteli. Waliona kwamba hapo ndipo kiungo cha mbali, yaani msanii wa Los Angeles au London, kilipofungwa kwenye mnyororo.

Tumesema mengi juu ya jukwaa. Sasa tutazame ardhi lililosimama juu yake. Pilanesberg ni mabaki ya volkano ya kale sana, duara la milima juu ya duara, na lina jina la Pilane, mtawala wa Bakgatla. Kando ya lango la Sun City kipo kijiji cha Ledig. Wakazi wake ni Bakubung, ambao katika miaka ya 1960 walihamishwa kwa nguvu kutoka katika ardhi yao upande wa Boons, kwa sababu nchi ile ilihesabiwa kuwa «doa jeusi» kati ya mashamba ya wazungu. Wakatupwa Ledig. Zaidi ya miaka kumi baadaye hoteli ya fahari ikaota mbele ya vibanda vyao. Wakati huo huo, mwaka 1979, milima yenyewe ilifanywa mbuga ya wanyama. Watu waliokaa ndani ya duara waliondolewa, malisho ya Bakgatla yakazungushiwa ua, na wanyama wapatao 6,000 wakaletwa kwa malori kutoka pande nyingine za kusini mwa Afrika. Mpango huo uliitwa Operation Genesis, yaani Mwanzo, kama kitabu cha kwanza cha Biblia. Kana kwamba siku moja kabla yake palikuwa ukiwa na utupu. Mgeni wa kasino sasa aliweza kuona wanyama wa porini asubuhi, kucheza gofu mchana na kupoteza fedha usiku.

Februari 1988 askari wa Bophuthatswana walimpindua Mangope. Alirudishwa madarakani siku hiyo hiyo na jeshi la Afrika ya Kusini. Baada ya siku hiyo hata mwenye kutaka kuamini uhuru wa nchi ile alikuwa na kazi ngumu. Februari 1990 Nelson Mandela akatoka gerezani, na ikawa wazi kwamba mpaka ule hautadumu, na pamoja nao ile haki ya pekee ya kuendesha kamari. Ni katika miaka hiyo, dola lilipokuwa likiishiwa na uhai, ndipo Kerzner alipoamua kujenga jumba. Naona hapa mantiki ya mfanyabiashara hodari. Kama sheria itakuja kuruhusu kamari mjini Johannesburg, hakuna atakayesafiri saa mbili kwa ajili ya ruleti pekee. Lazima awepo na kitu kisichopatikana Johannesburg. Dola la kubuni lilikuwa limemletea wateja kwa miaka kumi na mitatu. Sasa alihitaji ubunifu mwingine, ambao hauwezi kufutwa na Bunge.

Msanifu alikuwa Gerald Allison, wa kampuni ya Kimarekani ya Wimberly Allison Tong & Goo, iliyojulikana kwa hoteli za anasa za visiwa vya Pasifiki. Kuzunguka jumba ulipandwa msitu wa hekta 25, wenye miti na mimea zaidi ya milioni moja, mahali ambapo kabla yake palikuwa na nyasi na miiba. Ukatengenezwa ufuo wa mchanga wenye bahari ya mashine inayotoa mawimbi, mamia ya kilomita kutoka bahari ya kweli. Kati ya kasino na bonde likawekwa daraja lenye tembo wa saruji pande zote mbili, ambalo kwa nyakati maalumu hutikisika, hunguruma na kutoa moshi, ili mgeni aonje lile tetemeko lililouangamiza mji. Katika ua wa jumba ilisimamishwa sanamu ya Shawu. Huyu alikuwa tembo wa kweli wa mbuga ya Kruger, aliyekufa mwaka 1982 na kuacha pembe ndefu kuliko zote zilizopata kupimwa kusini mwa Afrika. Nadhani ndiye peke yake, katika jumba lote, mwenye wasifu unaoweza kuthibitishwa. Mashindano ya Miss World yalifanyika hapo mwezi ule ule wa ufunguzi, na yakarudi kwa miaka mitatu mfululizo.

Sasa tuirudie hadithi. Haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika penye magofu ya Zimbabwe Kuu akaona ndani yake jumba la Malkia wa Sheba. Mwaka 1885 H. Rider Haggard, aliyewahi kuwa afisa wa Uingereza huko Pretoria, alichapisha King Solomon's Mines, riwaya iliyowafundisha wasomaji wa Ulaya kutazamia mji wa wageni waliosahauliwa nyuma ya kila mlima wa Afrika. Theodore Bent alichimba Zimbabwe mwaka 1891 kwa msaada wa Cecil Rhodes, akawapata Wafoinike wake. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walionyesha kwa udongo na vyungu kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, haikusaidia. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ya wazungu ya Rhodesia ilikuwa ingali ikiwabana waliosema hivyo, na mwanaakiolojia Peter Garlake alilazimika kuondoka nchini. Na bado jina lenyewe lilikuwa likipiga kelele. Mswahili yeyote akiambiwa kwamba dzimba dza mabwe kwa Kishona ni nyumba za mawe, hahitaji kamusi.

Upande wetu wa Maziwa Makuu hadithi hiyo ilivaa nguo ya Wahamiti: John Hanning Speke aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1863, wamisionari na wakoloni wakaisomesha, hata watoto wa Rwanda na Burundi wakajifunza shuleni kwamba sehemu yao walikuwa wageni kutoka kaskazini. Hoteli haikuwa na uhusiano wowote na siasa za Rwanda. Lakini mwanahistoria hawezi kuacha kuona tarehe. Tarehe 22 Novemba 1992, wiki chache tu kabla jumba kufunguliwa, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya na kusema kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Hadithi ya wahamaji kutoka kaskazini ilikuwa mwezi ule pambo la ukumbi mahali pamoja, na mahali pengine hati ya mashtaka.

Wanafunzi huuliza, na wana haki kuuliza, kama masimulizi ya Kilwa nayo si ya namna hiyo. Kitabu cha historia ya Kilwa chasema kwamba mji ulianzishwa na mfalme aliyetoka Shirazi na wanawe kwa majahazi. Wasomi wa kikoloni waliyasoma maneno hayo kama ushahidi kwamba Mwafrika hakujenga kitu. Kisha uchimbaji wa miaka ya 1980 huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ukaonyesha misikiti ya miti na udongo chini ya misikiti ya mawe, mji ukikua mahali pake palepale, na vyungu vyake ni vya kienyeji tangu tabaka la chini. Na uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023 umeongeza kwamba wengi wa watu waliozikwa katika miji hiyo ya pwani walikuwa na mama zao Waafrika na baba zao, kwa sehemu kubwa, Waajemi. Masimulizi hayakuwa uongo mtupu, wala hayakuwa ukweli wote. Yalikuwa ya wenyewe: watu wa Kilwa waliyatunga juu ya babu zao, kwa sababu zao, wakayaandika, wakabishana juu yake, na wajukuu wanabishana hadi sasa. Kabila la Mji Uliopotea halina mjukuu wa kubisha. Hapo ndipo penye tofauti kati ya ngano na tangazo la biashara.

Na sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Nchi ile ilikuwa na miji iliyopotea. Mwaka 1820 mmisionari John Campbell alifika Kaditshwene, mji mkuu wa Bahurutshe, karibu na Zeerust ya leo, katika sehemu hiyo hiyo ya nchi ya Batswana. Alikuta juu ya kilima mji wa kuta za mawe ambao wakazi wake alikadiria kuwa wapatao 16,000, idadi iliyokaribiana na ile ya Cape Town ya wakati huo. Aliona nyua zilizotiwa lami ya udongo laini, matanuri ya kuyeyushia chuma, mashamba yasiyo na mwisho. Karibu na Rustenburg palikuwa Molokwane, mji wa tawi mojawapo la Bakwena. Na jirani kabisa na milima ya Pilanesberg palikuwa Marothodi, mji wa Batlokwa, ambao mafundi wake walifua chuma na shaba kwa wingi uliozidi mahitaji ya mji, yaani kwa biashara. Katika miaka ya 1820, wakati wa misukosuko iitwayo Difaqane, miji hii ilishambuliwa na kuachwa. Majani yakaota juu ya kuta.

Mambo haya hayakuwa siri Kerzner alipojenga. Revil Mason wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alikuwa amekwisha kuyahesabu magofu hayo kwa picha za ndege katika miaka ya 1960. Kitabu cha Campbell kilikuwa maktabani tangu 1822. Mtu angeweza kujenga hoteli ya anasa yenye nyua za mviringo, kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa, na kgotla, yaani baraza la wazee, katikati. Na angeweza kumwambia mgeni: mji huu ulikuwapo, na mpishi wako ni wa ukoo wake. Setswana humwita mji motse. Anayejua kulinganisha lugha za Kibantu anaona mara moja kwamba motse na mji ni neno moja lililopita njia mbili. Neno hilo lilikuwapo mdomoni mwa kila mfagiaji wa hoteli. Wageni hawakulisikia, waliambiwa habari za wahamaji wasio na lugha.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba hoteli si chuo, kwamba watu huja kustarehe, na kwamba hakuna aliyeondoka pale akiamini kweli tetemeko la daraja. Pia Ledig na vijiji jirani vilipata kazi, na mshahara ni mshahara. Haya yote ni kweli. Lakini tukumbuke ni nani walikuwa wageni, na walikuwa wametoka wapi. Vitabu vya shule vya Afrika ya Kusini viliwafundisha kwa miongo mingi kwamba Waafrika na wazungu walifika nchini wakati mmoja, na kwamba katikati palikuwa patupu. Wale waliosoma hivyo hawakuhitaji kuamini hadithi ya jumba. Ilitosha kwamba hadithi haikuwasumbua. Iliwaruhusu kulala katika Afrika ya kifalme ambayo hakuna Mwafrika waliyemjua angeweza kuidai.

Bophuthatswana ilianguka Machi 1994. Watumishi wa serikali waligoma, askari wakaasi, wafuasi wenye silaha wa chama cha makaburu cha AWB wakaingia Mmabatho na baadhi yao wakauawa mbele ya kamera za dunia. Mangope akaondolewa, na tarehe 27 Aprili nchi yake ikarudi ndani ya Afrika ya Kusini. Sheria ya kamari ya mwaka 1996 ikaruhusu kasino nchini kote, zisizozidi 40. Kerzner alikuwa amekwisha kutangulia. Mwaka 1994 alinunua hoteli za Paradise Island katika visiwa vya Bahamas na kuzijenga upya kwa jina la Atlantis, mji mwingine uliopotea. Mwaka 2008 akafungua Atlantis ya pili huko Dubai, isiyo na meza za kamari. Alifariki mwaka 2020. Jumba la Pilanesberg linaendelea kupokea wageni, na mabomba yake ya moshi bado yanafanya kazi.

Huko Johannesburg, kampuni zilizoomba leseni chini ya sheria mpya zilitakiwa kuonyesha zitakachoifanyia jamii. Waliopata kasino ya Gold Reef City, iliyopambwa kwa mfano wa mji wa wachimba dhahabu wa karne ya 19, waliahidi jumba la makumbusho. Lilifunguliwa mwaka 2001, ng'ambo tu ya eneo la kuegesha magari ya wacheza kamari, na linaitwa Apartheid Museum. Mgeni hupewa mlangoni kadi, bila kuchagua, inayomtaja kuwa mweupe au asiye mweupe, na huingia kwa mlango wa kadi yake.